Maswali yenu kuhusu "Come On Over" ya Shania Twain

Tangu niitaje albamu hii kwenye safu, maswali yamekuwa yakimiminika. "Come On Over" ilitoka Novemba 1997, na bado inapigwa hadi leo. Nimechagua maswali yaliyojirudia zaidi na kuyafupisha.

Ni kweli hakuna albamu ya kantri iliyouza kuliko hii? (Msomaji, Eldoret)

Ni kweli. Inakadiriwa kuwa imeuza nakala milioni 40 duniani, na hakuna mwanamke anayeimba peke yake, bila kundi, ambaye albamu yake ya studio imefika hapo, iwe ya kantri au ya muziki mwingine wowote. Kwa Marekani peke yake, mwaka 2004 ilithibitishwa kuwa nakala milioni 20 zimepelekwa sokoni. Kwenye chati ya albamu za kantri ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, ilikaa kileleni wiki 50.

Cha kushangaza ni kwamba kwenye chati kuu, ile inayochanganya miziki yote, haikushika namba moja hata wiki moja. Iliishia namba mbili. Nguvu yake ilikuwa kudumu. Ina nyimbo 16, na 12 kati ya hizo zilitolewa moja baada ya nyingine kwa muda wa miaka miwili na zaidi. Wasikilizaji wakianza kuuchoka wimbo mmoja, redio zinaletewa mwingine, na mtu ambaye hakuinunua albamu mwanzoni anajikuta sasa anaitafuta. Uingereza ilifika namba moja mwaka 1999, karibu miaka miwili tangu itoke.

Shania ni Mmarekani? (Msomaji, Morogoro)

Hapana, ni Mkanada. Alizaliwa Windsor, Ontario, mwaka 1965, akapewa jina Eilleen, na akakulia Timmins, mji wa migodi ya dhahabu huko kaskazini. Mwaka 1987 mama yake na baba yake wa kambo walifariki kwenye ajali ya gari. Akarudi kulea wadogo zake, huku akiimba kwenye hoteli ya watalii ili wapate riziki. Mtu akiniambia kwamba mafanikio yake yalitokana na sura na mavazi, huwa namkumbusha miaka hiyo.

Nina kaseti ya zamani ya albamu hii. Nikisikiliza nyimbo zilezile kwenye simu, fidla na gita zinasikika tofauti kabisa. Je, niliuziwa feki? (Msomaji, Kisumu)

Si lazima iwe feki, ndugu yangu. Albamu hii ilitoka kwa sura zaidi ya moja. Toleo la kwanza lilitengenezwa kwa soko la Amerika Kaskazini, na humo kantri imejaa: fidla, mandolini, na lile gita linalolazwa mbele ya mpigaji, ambalo noti zake huvutika kama mtu anayelia. Mwaka 1998 likaletwa toleo la kimataifa. Humo vyombo vilichanganywa upya: vile vya kantri vikapunguzwa au kuondolewa, na kinanda cha umeme kikapewa nafasi, ili redio za pop za Ulaya na kwingineko zisisite kuzipiga nyimbo hizo.

Njia rahisi ya kujua unalo lipi ni kutazama mpangilio wa nyimbo. Ikianza na "Man! I Feel Like a Woman!", hilo ni toleo la kwanza. Ikianza na "You're Still the One", ni la kimataifa. Kisha chukua "Love Gets Me Every Time" na uisikilize katika matoleo yote mawili, moja baada ya jingine, kwa spika nzuri. Mimi nalipenda la kwanza bila kusita. Fidla ikiondoka, wimbo ule unabaki mzuri, lakini unakosa ucheshi wake.

Jirani yangu, Mzambia, anadai aliyeitengeneza albamu hii alizaliwa kwao. Kuna ukweli? (Msomaji, Mbeya)

Mwambie yuko sahihi. Prodyuza Robert John "Mutt" Lange alizaliwa mwaka 1948 Mufulira, mji wa migodi ya shaba, enzi hizo nchi ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini. Alikulia Afrika Kusini. Kabla ya kukutana na Shania alikuwa gwiji wa roki: ndiye aliyetengeneza albamu za bendi kubwa, "Back in Black" ya AC/DC na "Hysteria" ya Def Leppard. Walifunga ndoa Desemba 1993, na nyimbo zote 16 waliziandika wawili wao. Zile sauti za kuitikia zilizorundikwa tabaka juu ya tabaka, na ngoma zinazopigwa kwa uzito wa roki, ni mkono wa Lange. Maneno yenye msimamo wa mwanamke asiyeomba ruhusa, hapo namsikia Shania.

Wapenzi wa Jim Reeves tunasema hii si kantri. (Msomaji, Nyeri)

Mzee wangu, naheshimu, lakini sikubaliani. Jim Reeves mwenyewe aliimba akisindikizwa na vinanda laini na kwaya, na wapo waliolalamika kwamba Nashville, makao ya kantri huko Marekani, imeuacha muziki wa mashambani. Kantri imekuwa ikiazima tangu zamani. Shania aliazima roki, na aliazima kwa ustadi.

Nafunga ndoa Desemba na nilitaka "You're Still the One" ipigwe tukiingia ukumbini. Shangazi anakataa, eti waliouandika waliachana. (Bibi harusi mtarajiwa, Nakuru)

Hongera sana, dada. Shangazi hajakosea: Shania na Lange walitengana mwaka 2008, na talaka ikakamilika 2010. Lakini wimbo wenyewe ulitokana na watu waliosema ndoa ile haitadumu, na Shania hakuuacha baada ya talaka. Ameendelea kuuimba jukwaani mbele ya maelfu. Kwangu hiyo inatosha. Shangazi akishikilia msimamo, muombe mchague pamoja: "From This Moment On" imo kwenye albamu hiyohiyo, nayo mwendo wake ni wa taratibu na unafaa zaidi kwa hatua za maharusi. Ile nyingine mwambie DJ aiweke wakati wa kukata keki.