Matufaha Makali Ndiyo ya Kupika

Kila mwisho wa Septemba, juu ya ukuta mfupi wa nyumba ya pili kutoka kwangu hapa Nottingham, huwekwa sanduku la matufaha na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene: chukua utakayo, ni bure. Anayeishi Uingereza kwenye mitaa yenye bustani anayajua masanduku haya. Mtufaha mmoja mkubwa huzaa kupita uwezo wa nyumba moja kula, na wenyewe hawapendi kuona matunda yanaoza chini, basi huyatoa nje wapita njia wajichukulie.

Mwaka wangu wa kwanza nilichukua manne. Makubwa, ya kijani, yamepigwa wekundu upande ulioona jua. Niliuma moja palepale njiani, meno yakafa ganzi. Ukali wake ni ule wa embe changa, na mimi ni mtoto wa Pemba, dawa ya embe changa naijua: niliyakata vipande, nikayatia chumvi na pilipili, nikayala yote kwa siku mbili. Jirani aliponiuliza nimeyapikaje, nikamweleza. Akanitazama kidogo, kisha akasema, "Hayo si ya kula mabichi, mwanangu. Njoo Jumamosi nikuoneshe."

Alichonionesha Jumamosi ile ndicho ninachopika mpaka leo, kila majani yanapoanza kupukutika. Wenyewe hukiita krambo: matufaha yaliyokatwa, yakafunikwa kwa chengachenga za unga, siagi na sukari, yakaokwa mpaka juu pakauke pawe rangi ya dhahabu na chini pawe rojo linalochemka. Huliwa ya moto. Wenzangu wanaohamia huku huniuliza mara kwa mara wafanye nini na matufaha ya kupewa, nami nimeona niandike yote niliyojifunza, pamoja na niliyoharibu.

Vitabu vya shule vilitufundisha kuyaita majira haya vuli. Lakini vuli ya kwetu ni mvua, na hakuna mti unaovua nguo kwa ajili yake. Hapa ni wakati ambao Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma, na jioni ileile jua linazama kabla ya saa kumi na moja. Baridi yake haijawa kali, ila inauma kwa sababu mwili bado unaikumbuka Agosti. Siku kama hizo nyumba inataka kitu kilicho ndani ya oveni.

Na jina la tunda pia linataka uangalifu. Kwetu ukitaja tofaa, mtu anaona lile tunda jekundu laini, lenye maji mengi na harufu kama ya waridi. Hilo halihusiki hapa. Nazungumzia tufaha la nchi za baridi, ambalo wengi dukani huliita epo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba matufaha yote ni mamoja. Mwaka wa pili sanduku la jirani lilipokwisha nilikwenda dukani nikanunua yale mekundu matamu ya kula mkononi, nikayatia sukari kipimo kilekile cha yale makali. Kilichotoka ni shira. Watoto walikula vijiko viwili wakaomba maji. Tufaha tamu likipikwa hubaki na utamu peke yake, halina cha kushindana na sukari ya juu, na vipande vyake hukaa vigumu vigumu kama viazi visivyoiva. Tufaha kali hufanya kinyume: asidi yake nyingi huusaidia moto kuilegeza nyama ya tunda, likavimba na kuwa povu laini, na ukali wake hukata mafuta ya siagi. Ndiyo maana Waingereza wana matufaha ya kula na matufaha ya kupika, na la kupika linaloongoza ni Bramley.

Bramley lina habari ambayo mimi huipenda, kwa sababu imetokea Southwell, mji mdogo usio mbali na hapa. Mwaka 1809 msichana aitwaye Mary Ann Brailsford alipanda mbegu za tufaha kwenye bustani ya nyumba yao. Mti ukakua, familia ikaondoka, na mwaka 1846 nyumba ikanunuliwa na muuza nyama, Matthew Bramley. Miaka kumi baadaye kijana mwenye kitalu cha miche, Henry Merryweather, aliomba vikonyo vya mti ule ili auze miche, na Bramley akakubali kwa sharti kwamba tunda lichukue jina lake. Kila Bramley unalolikuta dukani leo limetokana na vikonyo vya mti ule mmoja, vikiunganishwa kwenye mashina mengine kizazi baada ya kizazi, maana mbegu ya tufaha haizai tunda lilelile la mama yake. Aliyepanda ni Mary Ann, na jina lake halimo. Mimi nikiyamenya humtaja.

Ukiokota chini ya mti, angalia nyigu, wanapenda yaliyopasuka. Lililopondeka upande mmoja kata upande huo utumie lililobaki, lakini lililoota ukungu litupe zima, usilichongechonge. Kama mwenye mti amekuruhusu kuchuma, usivute. Lipakate tunda kwenye kiganja, liinue kidogo na kulizungusha. Lililokomaa litakuachia mkononi, na linalong'ang'ania halijawa tayari. Yale mazima yasiyo na jeraha funga moja moja kwa gazeti, yapange pahali pa baridi na pakavu yasigusane. Ya kwangu hunifikisha mwaka mpya.

Sasa mapishi. Kwa watu sita nachukua gramu 900 za Bramley, yaani matatu au manne makubwa. Menya, toa kokwa, kata vipande vinene kama kidole gumba. Usikate vyembamba, vitayeyuka vyote na utabaki na uji. Vipange kwenye bakuli la kuokea, nyunyizia gramu 80 za sukari na vijiko viwili vya chakula vya maji. Basi, hapo chini pamekwisha. Yakigeuka rangi kidogo wakati unashughulikia unga usihangaike, hakuna atakayeona.

Juu: gramu 180 za unga wa ngano wa kawaida, gramu 110 za siagi, gramu 80 za sukari ya kahawia, kiganja kimoja cha oti, na chumvi kidogo hata kama siagi ina chumvi.

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo nilipoharibu mara nyingi zaidi. Mara ya kwanza nikiwa peke yangu niliyeyusha siagi, nikiona ni njia ya mkato, nikaimimina kwenye unga. Ikaokeka gamba moja zima, gumu, na chini yake mvuke ukakosa pa kutokea. Siagi lazima iwe baridi, imetoka kwenye friji wakati huohuo, imekatwa vipande vidogo. Itie kwenye unga, kisha fikicha kwa ncha za vidole. Neno ni hilohilo la kwetu, na kitendo ni kilekile cha kufikicha samli kwenye unga wa visheti, ila visheti tunataka unga ushikane ukifinywa, na hapa tunataka uishie njiani. Viganja viweke mbali, vina joto. Nyanyua unga juu, uache uanguke tena kupitia vidoleni, upate hewa. Ukiona sehemu imekuwa kama mchanga wa pwani na sehemu imefanya madonge madogo kama mbaazi, acha. Usitafute ulingano. Yale madonge ndiyo yatakayokatika mdomoni, na ule mchanga ndio utakaokunywa maji ya tunda kwa chini. Baada ya hapo ndipo unatia sukari, oti na chumvi, na kuchanganya kwa uma.

Vidole vyako vikiwa vya moto, kama vyangu, viweke chini ya bomba la maji baridi, vifute, ndipo uanze. Bibi jirani alinishika mikono siku ile akasema mikono ya namna hii ni ya mkate, haifai kwa siagi. Nimejifunza kuipoza.

Mwaga chengachenga juu ya matufaha bila kushindilia. Mimi zamani nilikuwa nasawazisha kwa mgongo wa kijiko ili pawe pazuri, na kila mara palitoka pagumu. Oveni iwe imeshapata moto, nyuzi 190, au 170 kama ina feni. Dakika 40 hivi. Weka treya chini yake, rojo hupenda kufurika. Imeiva ukiona povu linachemka kwenye kingo za bakuli. Rangi ya juu peke yake isikudanganye.

Ukiitoa, iache dakika 15. Najua ni vigumu, nyumba nzima inanukia. Lakini rojo la matufaha lililotoka motoni sasa hivi huunguza ulimi vibaya kuliko uji, na likitulia kidogo linakuwa zito na ladha inaonekana.

Kuhusu viungo nina msimamo. Wengi humwaga mdalasini mpaka husikii tena tunda. Mimi natia nusu kijiko cha chai tu, wakati mwingine sitii kabisa, kwa sababu kiungo cha zamani cha matufaha ya kupikwa hapa Uingereza ni karafuu. Jumamosi ile bibi alifungua kikopo akatoa karafuu tatu nzima, akazichomeka kwenye vipande vya tufaha. Nilizinusa. Zilikuwa zimekauka hazina kitu. Nikamwambia kwamba nimekulia chini ya mikarafuu, kwamba skuli zikifungwa wakati wa msimu tulikuwa tunakwenda kuchuma na kuchambua, vidole vikinuka mpaka usiku, na barabara, kando zote mbili, zikiwa zimetandikwa majamvi ya karafuu zinazoanikwa. Alikuwa ametia karafuu kwenye matufaha maisha yake yote na hajawahi kukutana na mtu aliyezichuma. Mama aliponitumia mfuko mwaka uliofuata, nusu nilimpelekea yeye. Kwa hiyo ushauri wangu: usinunue karafuu ya unga, harufu yake hupotea upesi. Nunua nzima, bonyeza kichwa cha moja kwa ukucha, kikitoa unyevu wa mafuta ni nzuri. Tatu au nne zilizotwangwa zinatosha bakuli zima. Ukizidisha, ulimi unakufa ganzi na tufaha limekwenda.

Cha kulia ni kastadi, na hapa Mswahili hahitaji kufundishwa, maana kopo la unga wa kastadi halikosekani kwenye majiko yetu ya Ramadhani. Sikujua mpaka nilipofika huku kwamba unga ule ulibuniwa Birmingham mwaka 1837 na Alfred Bird, kwa sababu mke wake alikuwa hawezi kula mayai. Mimi naipika nyepesi kuliko ya kufturia, iweze kumiminika, na natia iliki punje mbili. Jirani alisita kidogo mara ya kwanza. Sasa huniuliza kama nimeitia.

Ikibaki, iweke kwenye friji, itakaa siku tatu. Ipashe kwenye oveni, si kwenye maikrowevu, maana huko ukavu wa juu wote unalowa. Zaidi ya hayo, fikicha unga mara mbili ya kipimo na nusu yake uigandishe ikiwa mbichi kwenye mfuko. Siku umerudi kazini umechoka, unamenya matufaha tu na kumwaga chengachenga juu zikiwa zimeganda vilevile.

Walioko nyumbani wataniuliza Bramley watalipata wapi. Hawatalipata, wala wasijisumbue. Chukueni yale ya kijani kibichi ya Granny Smith, kamulieni nusu ndimu, punguzeni sukari ya chini iwe gramu 50. Vipande vyake vitabaki vizima zaidi, na ni sawa. Kama hamna oveni, pikeni matufaha kwenye sufuria pana mpaka yalegee, mwagieni chengachenga, funikeni, kisha palieni moto: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, kama keki za kwetu zinavyookwa. Na kama hata mkaa hamna, zikaangeni chengachenga kavu kwenye kikaango kwa moto mdogo, mkizigeuza bila kuziacha, mzimwage juu ya matufaha wakati wa kula. Nimezijaribu njia zote mbili nilipokuwa likizo Chake Chake.

Mama amekwenda mbali zaidi. Mwezi wa Januari alinipigia simu, nikamwamkia, akaitikia marahaba na bila kungoja akaniambia amepika ile krambo yangu, ila sokoni hakukuta matufaha makali, kwa hiyo ametumia maembe yaliyokuwa hayajaiva vizuri. Nikamuuliza imetokaje. Akasema juu pamekauka vizuri, karafuu imekaa, wajukuu wamemaliza sufuria, lakini yeye ameiona tamu mno.

"Ulitia sukari kiasi gani, mama?"

"Ile uliyoandika wewe, gramu themanini."

Nikamwambia ile ilikuwa ya Bramley. Maembe ayaonje kwanza, ndipo apime sukari.