Mahojiano ya wanafunzi na AI: namjibu dada aliyeuliza kama ayatie yote kwenye ChatGPT

Waalaykum salaam dada yangu. Umeuliza kama uyatie mahojiano yako yote ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwenye ChatGPT ikutolee mada, maana supavaiza wako kakataza na wenzako wanakwambia anakuchelewesha tu, na tena uzipitishe asainmenti zao kwenye programu za kugundua AI upate takwimu. Mimi nimefanya utafiti wa aina hiyo hiyo hapa Unguja na Pemba, kwa nini wanafunzi hawasemi darasani, na hizi mashine za aina ya ChatGPT nimezitumia na bado nazitumia. Ushauri wangu ni kuwa itumie, lakini wewe ndo uwe wa kwanza kuwasikia hao watoto, mashine ije nyuma yako.

Kijana mmoja kutoka upande wa Micheweni, tumekaa nje ya maktaba baada ya sala ya alasiri, namuuliza lekcha zinakwendaje akanambia, "Mwalimu aweka slaidi, sie twapiga picha, twenda zetu." Nilipokuja kuipa mashine kipande kile ikaniandikia kuwa mwanafunzi anatumia teknolojia kujifunza, ikakitia kwenye mambo mazuri. Mimi nilikuwa nimekaa nae pale, nikanyamaza kidogo na yeye ndo akaendelea, kwamba hakuna anaefahamu kinachosomwa, wanapiga picha wakaulizane usiku dakhalia, na kumuuliza mwalimu hathubutu kwa sababu Kiingereza kitamkwama mbele za watu. Utafiti wangu karibu wote umekaa pale. Mashine haikuwa na ubaya wowote, yenyewe hubashiri maneno yanayofuatana kwa kufuata maandishi iliyofunzwa nayo, na mengi katika hayo ni ya Kiingereza ya watu wa mbali, huko mwanafunzi kushika simu darasani kunaandikwa kuwa ni teknolojia, basi na yeye kijana wangu akatiwa humo humo.

Kunukuu rikodi, yaani kuigeuza sauti kuwa maandishi, ndo kabisa usiiachie mashine peke yake. Whisper, programu ya kunukuu sauti ya OpenAI, kampuni ile ile ya ChatGPT, ilipotoka Septemba 2022 ilikuwa imefunzwa kwa saa 680,000 za sauti, lakini lugha 96 zisizokuwa Kiingereza zote pamoja ziligawana saa 117,000 tu za kunukuliwa kwa lugha zenyewe, sasa Kiswahili kimepata ngapi humo, na mtu wa Wete au Makunduchi anaesema kwa kasi yake kapata ngapi? Mimi huiacha itoe rasimu kisha nakaa na hedifoni naisikiliza rikodi yote tena, inachosha kweli, lakini ukimaliza unamjua kila mtu sauti yake.

Baada ya hapo nasoma kwa mkono, naandika misimbo yangu kwenye daftari, yaani majina mafupi ya kila wazo ninaloliona kwenye kipande, na nikishakuwa na msimamo ndo nakwenda kwenye mashine, na sitaki inipe mada, naiambia misimbo yangu hii hapa, nioneshe vipande vinavyonipinga. Hapo inasaidia khasa. Iliniletea sehemu ambazo wasichana wanasema hawaulizi darasani lakini kwenye grupu la WhatsApp la kozi wao ndo wanaouliza sana, vipande nilivyokuwa nimeviweka pamoja na vya uoga, nikavitenga vikawa mada yao peke yao. Kila unachokiuliza kihifadhi, na toleo la mashine na tarehe, uviweke kwenye sura ya mbinu, maana swali hilo hilo ukiliuliza kesho jibu linaweza kuja jengine na mtahini ana haki ya kujua ulipata wapi. Na marejeo usiiombe kabisa, inaweza kukutungia makala haipo duniani, ina mwandishi na jarida na kurasa, ukaiamini.

Hizo programu za kugundua AI ziache. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 2023 walizijaribu saba kwa insha za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo, zilizoandikwa na watu wenyewe, Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani asilimia 61 ya insha zile ziliambiwa za mashine. OpenAI nao programu yao ya kugundua waliiondoa Julai 2023 kwa kuwa haikuwa sahihi vya kutosha. Sasa wanafunzi wetu wametoka skuli wanasema Kiswahili, Kiarabu cha madrasa, Kiingereza cha vitabuni, sentensi zao fupi na zimenyooka, utawaita waongo wangapi kwenye tasnifu yako na wewe hujawauliza hata mmoja? Waulize, ukiwaahidi siri wanakwambia wenyewe wanaitumiaje, na hilo lina faida kubwa kuliko asilimia.

Linalonikera zaidi ni ridhaa. Wale walikutilia sahihi wewe, hawakusaini maneno yao yende kwenye seva ya kampuni ya Marekani. UNESCO mwongozo wao wa Septemba 2023 juu ya AI kwenye elimu na utafiti wamesisitiza faragha ya data, lakini hapa kwetu hata bila ya mwongozo mtu anafahamu, visiwa vidogo hivi, ukifuta jina ukaacha "msichana wa Kojani, mwaka wa kwanza, anasoma fizikia" umeshamtaja, mpaka mama yake atajua ni nani. Toa shehia, toa kozi, toa jina la mwalimu anaelalamikiwa, na kwenye mipangilio zima ile sehemu inayoruhusu mazungumzo yako yatumike kuifunza mashine.

Kwa supavaiza wako usende na ubishi. Mpelekee mahojiano mawili uliyoyasoma kwa mkono, na pembeni umuoneshe mashine ilisema nini, na fomu ya ridhaa mpya. Kwenye yangu niliongeza sentensi moja: "Maneno yako, yakishaondolewa jina na kila kinachokutambulisha, yanaweza kusomwa pia na programu ya kompyuta ya kampuni ya nje, ukikataa hili bado unaweza kushiriki." Niliwarudia wote nikawasomea, wapo waliokataa, na ya kwao nikayafanyia kazi kwa mkono mpaka mwisho.