Pesa Zinafika, Lakini Mama Anakutaka Wewe

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 38, naishi Dodoma na mume wangu na mtoto wetu wa miaka mitatu. Kwetu ni Lushoto, na mama yangu yuko huko kijijini. Kila mwisho wa mwezi namtumia pesa kwa simu, sijawahi kuruka hata mwezi mmoja. Mwaka jana nilimnunulia simu janja ili tuwe tunaonana kwa video. Nikimpigia anaiweka sikioni, kwa hiyo nabaki kutazama sikio lake tu. Baadaye nikasikia amempa mtoto wa kaka yangu, yeye amerudi kwenye kitochi chake. Iliniuma.*

*Kisha mama mdogo akafariki. Habari niliipata kwenye grupu la ukoo nikiwa kazini. Niliandika pole, nikatuma rambirambi, ila sikwenda. Tangu hapo ndugu wananijibu kwa mkato. Juzi nilipiga video kwenye simu ya yule mtoto wa kaka ili mwanangu aongee na bibi yake. Mwanangu alikuwa anatazama katuni. Sura ya bibi ilipotokea, akaisukuma kwa kidole iondoke. Mama aliona. Akasema, "Pesa zako nazipata mwanangu, wewe sikupati." Nimelia sana. Nataka nitoke kwenye magrupu yote, niachane na simu janja, nami nirudi kwenye kitochi. Nitakuwa nimefanya vizuri?*

*Mwana wa Milimani, Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Kwanza pole kwa msiba. Katika yote uliyoniandikia sijaona mahali ambapo mtu amekupa pole wewe, na aliyeondoka ni mama yako.

Sasa hilo la kitochi. Hebu fikiri: ukiwa na kitochi utashindwa kutuma pesa? Hutashindwa. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, wengi wetu tulikuwa na simu hizo hizo za vibonye, na pesa zilikwenda vizuri tu. Rambirambi pia utaituma, pole utaiandika kwa meseji, na bado utakuwa umekaa Dodoma. Kwa hiyo ukibadilisha simu, mama yako hatapata kitu kipya. Yeye hajalalamikia simu. Amekulalamikia wewe, tena kwa upole mkubwa.

Nakuomba ukumbuke mambo yalivyokuwa ulipokuwa mdogo. Ndugu aliyeko mjini akitaka kutuma chochote nyumbani, alitia pesa kwenye bahasha, akampa mtu anayesafiri au akamkabidhi kondakta wa basi, na huku kijijini lazima mtu aende kuipokea. Mara nyingi aliyeileta alikaribishwa ndani, akapewa chai, akaulizwa: yukoje, amenenepa, kazi inaendaje, mbona haji? Bahasha yenyewe huenda ilikuwa imepungua njiani, hilo nalo lilikuwapo, na sitaki kuzisifia siku zile kupita kiasi. Leo mama akiugua saa nane usiku, pesa ya gari inamfikia kabla hajafunga kanga yake. Hiyo ni neema, nami naishukuru. Lakini zamani pesa haikutembea bila mtu. Siku hizi inafika peke yake: simu inalia, mama anamwomba mjukuu amsomee kilichoandikwa, anakwenda kwa wakala, basi. Hakuna wa kumuuliza kama umenenepa.

Na msiba ni hivyo hivyo. Watu wa umri wangu tulisikia matangazo ya vifo kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam. Jina la marehemu linatajwa, kisha yanafuata majina ya ndugu na mahali walipo, habari ziwafikie. Tangazo lile halikuwa na mahali pa kujibia. Ukilisikia, jibu lako ni kufunga mzigo. Grupu la ukoo linakuletea habari haraka kuliko redio, jambo zuri kabisa, ila papo hapo linakupa nafasi ya kuandika "Pole sana, Mungu awape subira". Ukishaandika, moyo unatulia, unaona umeshahani. Walioko msibani hawajakuona. Wamewaona waliolala kwenye mikeka, waliochota maji, waliomenya viazi usiku kucha. Nakuambia haya bila kukuhukumu, mwanangu, kwa sababu limetupata wengi, na wengi hatujui ni lini hasa tulianza kuona kwamba kuandika kunatosha.

Kuhusu simu uliyomnunulia, usiumie tena. Kidole kilichoshika jembe maisha yote, kioo mara nyingi hakikisikii. Unagusa mara tatu, kinafungua usichotaka. Na mtu aliyezoea kusikiliza kwa sikio ataweka simu sikioni. Alikuwa anakusikiliza, ndiyo maana ulikuwa unaona sikio. Mwache na kitochi chake. Mpigie kwa sauti, jioni akiwa ameshatoka shamba, na usipige ukiwa kwenye daladala. Uwe umekaa. Muulize juu ya mbuzi, jirani, na mvua. Mwache amalize hadithi yake hata kama ulishaisikia.

Nije kwa mtoto, maana naona hapo ndipo palipokuchoma zaidi. Asilaumiwe. Kwake yeye, bibi ni kitu kinachotokea kwenye kioo na kukatiza katuni, akakifanya kama anavyofanya vingine vinavyotokea hapo. Hujaniambia kama amewahi kufika Lushoto. Nahisi hajafika, au alifika akiwa mgongoni. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa umri wake asizidishe saa moja kwa siku mbele ya kioo, na ikiwa pungufu ya hapo ni bora zaidi. Anza na chakula. Uji anywe bila katuni, wewe ukiwa umekaa naye. Siku za kwanza atalia na uji utamwagika, vumilia. Ila kumjua bibi hakutatokana na kupunguza katuni. Anahitaji kukaa jikoni kwake macho yakimwasha kwa moshi, apewe kiazi cha moto kutoka mkononi mwake, aitwe kwa jina ambalo bibi peke yake ndiye anayemwita.

Magrupu: usijitoe kwenye la ukoo. Ukijitoa wiki hizi, kila mtu atasoma kwamba umesusa, na utazua ugomvi ambao haukuwapo. Hayo mengine ya ofisini, ya harusi zilizokwisha na ya watu mliosoma nao, yazime sauti. WhatsApp inakuruhusu kuzima kwa saa nane, wiki moja au moja kwa moja, na hakuna atakayejua. La ukoo liache lipige kelele. Ila likileta habari ya kifo au ugonjwa, usiandike kitu kwanza. Piga simu kwa mwenye tatizo, asikie sauti yako, uulize mazishi ni lini. Kama huwezi kwenda, mwambie yeye mwenyewe kwa mdomo wako, umtaje atakayekwenda kwa niaba yako na siku utakayofika. Watu wetu wanaelewa kukosa ruhusa na kukosa nauli. Kinachowatesa ni kunyamaza.

Lililobaki ni kwenda. Usingoje likizo ya Desemba. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR inakufikisha Morogoro haraka. Hapo unachukua basi la kupitia Chalinze na Segera, unashuka Mombo, unapanda gari la kwenda juu kupitia Soni. Mchukue mtoto, na mume akipata nafasi aje pia, kwa kuwa mkwe aliyefika kuhani anaheshimiwa sana kwetu.

Hata kama arobaini imepita, kuhani hakuna mwisho. Anzia nyumbani kwa marehemu mama mdogo kabla hujafika kwa mama yako. Ukianzia kwa mama, watasema ulikuja kwenu na msiba umeupitia tu. Vaa kanga, kaa chini na watoto wa marehemu, uwaambie kwa mdomo kwamba ulikosea kutokuja. Rambirambi ulishatuma, usiitaje. Nenda na sukari na mchele kidogo, na ukae mpaka chakula kiive. Kwa mama lala angalau siku mbili, na siku ya kuondoka mwulize mwenyewe angependa uje tena lini, kisha ukifika Dodoma uombe ruhusa ya tarehe hiyo mapema.