RTX 3060 Ti au RTX 4060 kwa joto la Mtwara

Ndugu yangu, umeuliza kati ya kadi mbili za michoro za Nvidia (kifaa cha kompyuta kinachochakata picha na video), RTX 3060 Ti iliyotumika na RTX 4060 mpya, ipi itakufaa kuhariri video katika chumba kisicho na kiyoyozi hapo Shangani. Kwa kasi zinakaribiana sana, na ile ya zamani wakati mwingine huitangulia mpya kwenye picha kubwa, kwa kuwa njia yake ya kupitisha data za kumbukumbu ni pana zaidi, biti 256 dhidi ya 128. Tofauti kubwa iko kwenye umeme: 3060 Ti, ya mwaka 2020, imepangiwa wati 200, na 4060, ya mwaka 2023, wati 115, na karibu umeme wote huo hugeuka joto linalobaki chumbani mwako. Feni haiwezi kuipoza kadi chini ya joto la hewa inayoivuta, hivyo katika fukuto la Desemba feni za 3060 Ti zitazunguka kwa nguvu zaidi, na mvumo wake utasikika hadi kwenye maikrofoni unaporekodi sauti.

Mimi ningechukua 4060, ambayo pia husimba video za AV1 (muundo mpya wa kubana video ili faili liwe dogo), kazi ambayo 3060 Ti haiiwezi. Ukishikilia iliyotumika, mulika tochi kwenye skrubu na mapezi ya kipoza joto kabla ya kulipa, maana hewa ya chumvi ya pwani yetu huleta kutu.