Nguzo za Mawe Zilichongwa na Nani?

SWALI: Mhariri, binti yangu aliyeko Ireland Kaskazini ameahidi kunipeleka Giant's Causeway, ufukwe wenye nguzo nyingi za mawe. Mimi niliyezoea mapango ya Amboni nauliza: mawe yale yenye pembe sita yalichongwa na nani?
Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Hakuna aliyeyachonga, mama. Amboni ni mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji, ilhali nguzo zile, zipatazo 40,000, ni lava, yaani mwamba wa volkano ulioyeyuka, iliyomiminika zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita, ikapoa, ikasinyaa na kupasuka mithili ya tope lililokauka juani. Nyingi zina pembe sita, ingawa utaziona pia za tano na saba. Mawe ya chini yanayopigwa na mawimbi huteleza mno, kwa hiyo ndara ziache nyumbani, na uulize saa za maji kujaa kama tufanyavyo huku kwetu.