Uandike nini ukimwangalia mwenzako akisomesha Kiingereza

Ndugu yangu, umeuliza uandike nini kwenye kipindi cha mwenzako wa mazoezi ya kufundisha hapo skuli ya Wete. Usikae nyuma kabisa. Kaa pembeni, karibu na mbele, uione midomo ya wanafunzi. Chora ramani ya madawati, utie kistari kila mtoto anapozungumza peke yake. Lile "Yes, teacher!" la darasa zima usilihesabu, wachache wanaojua huwabeba wote. Mara nyingi vistari hujaa mbele, nyuma patupu. Andika maneno yenyewe: mtoto kasema "She go" badala ya "She goes", mwalimu kafanyaje? Hesabu na sekunde baada ya swali, maana walimu wengi hujijibu wenyewe kabla ya sekunde 3. Ramani mwoneshe mwenzako faragha, siku ile ile.