Vichwa vizito vya kusubu kwenye bunduki inayojikoki: je, vitaziba bomba la gesi?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina bunduki ya muundo wa AR-15 yenye mtutu wa .458 SOCOM (aina ya risasi nene), naitumia kuwindia nguruwe mwitu hapa Texas. Risasi za dukani zinanimaliza mfuko, kwa hiyo nimenunua kalibu ya greini 405 (kama gramu 26), ile iliyochongwa kwa ajili ya .45-70, risasi nyingine ya kipenyo hichohicho, nianze kusubu vichwa vya risasi mwenyewe. Jamaa mmoja ananionya kwamba vitaziba mfumo wa gesi, na kwamba dawa ni kuvifanya vigumu kadiri inavyowezekana. Ni kweli?

Jibu: Njema, ndugu yangu. Jamaa yako ametaja ugonjwa wa kweli, ila dawa aliyokuandikia siyo. (Kiswahili kinatuchezea hapa, maana risasi ni madini na ni kitu cha kupiga pia. Kuanzia sasa nikisema risasi namaanisha madini. Kinachoruka nakiita kichwa, na kichwa kikiwa kwenye ganda lake nakiita risasi nzima.)

Uzito hauzibi kitu. Kinachochafua ni kichwa kisichoujaza mtutu. Baruti ikiwaka, gesi ya moto inapenya ubavuni mwa kichwa chembamba, inakikwangua na kukiyeyusha, kisha inaipaka ile risasi ndani ya mtutu na nyingine inaisukumia kwenye tundu la gesi, yaani kitundu cha mtutu kinachopitisha gesi ya kujikokisha bunduki. Kichwa chenye koti la shaba hupita vizuri kikiwa na inchi 0.458. Cha kusubu kinatakiwa kizidi kipenyo halisi cha mtutu, kwenye mifereji iliyochongwa ndani yake, kwa sehemu moja au mbili kati ya elfu za inchi, yaani kwa kawaida 0.459 au 0.460. Na hapa ndipo ushauri wa jamaa yako unapogeuka: kichwa chembamba halafu kigumu ni kibaya kuliko chembamba laini, kwa sababu kinakataa kutanuka kuziba mwanya.

Basi pima kabla hujawasha jiko. Hakikisha bunduki haina kitu, toa bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), paka mtutu mafuta. Tafuta kipande cha risasi safi kinachozidi mtutu kidogo, kigonge kiingie mdomoni, halafu kisukume polepole kwa ufito. Mkono ndio utakaokusomea: kinaenda kwa ulaini, kinaenda, kisha ghafla kama kimeshikwa na ukucha. Ukikitoa utaona mstari mwembamba unaong'aa, umefuata alama za mifereji. Ule ukucha ni ukingo mkali wa tundu la gesi, ulioachwa na keekee kiwandani. Koti la shaba hupita hapo bila kulalamika. Kichwa cha kusubu kinanyolewa kila unapofyatua. Ukiukuta, mpelekee fundi aulainishe. Usiuchokonoe mwenyewe. Kisha weka maikromita kwenye kile kipande uandike kipenyo chake.

Niliwahi kuletewa bunduki iliyokuwa inatema ganda nusu njia. Kwenye bomba la gesi nilitoa uchafu mweusi kama lami, una vipande vya kijivu ndani yake. Sehemu kubwa haikuwa risasi hata kidogo, ilikuwa nta ya kulainishia vichwa. Mwenyewe alikuwa anapaka vichwa vyake kama anayepaka siagi. Kwa bunduki inayopeleka gesi moja kwa moja hadi kwenye bolti, mimi ningeachana na nta, nipake rangi ya unga na kuoka, takriban nyuzi 200 za Selsiasi kwa dakika 20, katika oveni isiyopika chakula tena maisha yake yote. Rangi inaongeza unene, kwa hiyo kipenyo cha mwisho kipimwe baada ya kuoka. Kama kalibu yako inakubali kikombe cha shaba kwenye kitako, kitumie.

Kuhusu ugumu: kwa kipimo cha Brinell, risasi safi ni karibu 5. Mchanganyiko wa asilimia 90 risasi, 5 bati na 5 antimoni unafika 15. Ule wa zamani wa herufi za chapa, 22. Kwa kichwa kinachokwenda kama mita 450 kwa sekunde, 12 hadi 15 inatosha. Ukienda kwenye 22 unakaribisha kichwa kinachopasuka kikikutana na mfupa wa bega.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kalibu yenyewe. Risasi nzima ya .458 SOCOM haitakiwi kuzidi inchi 2.26, la sivyo haiingii kwenye magazini, na ganda peke yake linakula 1.575. Vichwa vingi vya .45-70 vina pua ndefu kuliko nafasi inayobaki, na ukikididimiza kwenye ganda ili kitoshe, unapunguza nafasi ya baruti na shinikizo linapanda. Tengeneza moja isiyo na baruti wala fataki (kile kiwashio cha kwenye kitako cha ganda), uone kama inakaa kwenye magazini na kama bolti inafunga bila kulazimishwa. Baruti fuata jedwali la mtengenezaji wake kwa kichwa cha uzito huo, anzia chini. Kumbuka, kwa kipimo hafifu mno bunduki haitajikoki.

Chagua pua bapa. Kwa mwendo huu kichwa kigumu hakichanui kama uyoga; kazi inafanywa na ule ubapa. Dume la nguruwe lina ngao ya gegedu mabegani, na mafuta huziba tundu dogo hata damu isidondoke. Moyo wake uko chini na mbele, kwa hiyo ukilenga nyuma ya bega kama kwa swala utapiga tumbo. Lenga bega lenyewe, theluthi ya chini. Kichwa kitatokea upande wa pili, hivyo angalia aliyesimama nyuma yake. Ukiirekebisha shabaha kwa mita 100, kwenye 200 kitakuwa kimeshuka zaidi ya nusu mita, kwa hiyo msogelee.

Subu penye hewa, na tone la maji lisikaribie sufuria. Likizama linalipuka mvuke na kukurushia risasi usoni. Na ukialikwa California, vichwa hivi viache nyumbani: tangu tarehe 1 Julai 2019 kuwinda kwa vichwa vya madini haya ni marufuku huko.

Ukishapima, niandikie kipenyo cha mtutu, kipenyo cha kichwa kilichookwa na urefu wa risasi nzima. Kwa hizo tatu nitakwambia kama kalibu uibakize au uiuze.